Manowari za Ufaransa na Uhuru wa Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Vita vya uhuru wa Marekani (1775–1783) hufundishwa kama habari ya wakulima wenye bunduki walioshinda dola kubwa. Wakulima walikuwepo, bunduki pia, nyingi zikiwa za Kifaransa. Lakini kila anayesoma kwa makini hujikuta anauliza maswali yanayohusu bahari, na hayo ndiyo yaliyojibiwa hapa.

Nipe jibu la haraka: Marekani ingepata uhuru bila manowari za Ufaransa?

Huenda ingepata, lakini si mwaka 1781 na si kwa namna ile. Jeshi la George Washington lilijua kukwepa kushindwa. Lilichokosa ni namna ya kumaliza vita.

Sababu ni kwamba Waingereza walitumia bahari kama barabara. Machi 1776 walibanwa Boston. Wakapanda meli, wakaondoka. Majira ya joto ya mwaka huohuo wakashuka New York na askari zaidi ya 30,000. Mwaka 1777 waliichukua Philadelphia kwa kuzunguka baharini na kupandia Ghuba ya Chesapeake. Mei 1780 waliizingira na kuiteka Charleston pamoja na wafungwa wapatao 5,000. Miji mikubwa ya makoloni 13 ilikuwa ya bandari karibu yote, na mwenye manowari aliingia na kutoka apendavyo huku Washington akiwafuata kwa miguu. Adui wa namna hiyo humkamati mpaka umfungie mlango wa bahari. Waamerika hawakuwa na cha kufungia.

Kwani hawakuwa na jeshi lao la majini?

Walikuwa nalo kwa jina. Desemba 1775 Bunge la makoloni liliagiza frigeti 13, yaani manowari za ukubwa wa kati, zijengwe. Karibu zote zilitekwa, zilizama au zilichomwa moto, nyingine na wenyewe ili zisiangukie mikononi mwa adui. Mwaka 1779 msafara mzima uliotumwa Penobscot uliteketea mtoni.

Meli za watu binafsi zenye hati ya serikali ya kuteka meli za adui ziliwasumbua sana wafanyabiashara wa London, hilo tuwape. Na John Paul Jones alipata jina mwaka 1779 alipoiteka manowari ya Kiingereza Serapis karibu kabisa na pwani ya Uingereza. Ila chombo alichopigania, Bonhomme Richard, kilikuwa meli kuukuu ya biashara aliyopewa na Ufaransa.

Kilichohitajika hasa ni manowari za mstari, yaani meli kubwa zenye sitaha mbili au tatu za mizinga, 64 hadi zaidi ya 100, zinazopanga foleni na kufyatua ubavu mzima kwa pamoja. Uingereza ilikuwa nazo kwa makumi. Waamerika hawakuingiza hata moja vitani.

Mfalme wa Ufaransa aliwasaidiaje watu wanaompinga mfalme?

Kwa sababu mfalme aliyepingwa hakuwa yeye. Mwaka 1763 Ufaransa ilitoka kwenye Vita vya Miaka Saba ikiwa imepoteza Kanada na heshima. Tangu hapo waziri Choiseul na waliomfuata walijenga upya jeshi la majini, karakana za Brest, Rochefort na Toulon zikawa hazilali. Waziri wa mambo ya nje, Vergennes, aliona uasi wa Marekani kama nafasi ya kulipa kisasi.

Alianza kwa siri. Mwaka 1776 Beaumarchais, ndiyo, yule mtunzi wa tamthilia, alifungua kampuni bandia iliyoitwa Roderigue Hortalez, akapewa livre (fedha ya Kifaransa ya wakati ule) milioni 1 na Ufaransa na nyingine milioni 1 na Hispania, akaanza kusafirisha baruti, bunduki na mizinga. Kisha Oktoba 1777 jeshi la Kiingereza la jenerali Burgoyne likasalimu amri Saratoga, na Vergennes akaamini kwamba Waamerika hawatakufa kesho. Tarehe 6 Februari 1778 mkataba wa muungano ukatiwa saini Paris, Benjamin Franklin akiwa mmoja wa waliousaini. Louis XVI, mfalme kamili, akawa mlezi wa jamhuri.

Basi manowari zilipofika mambo yakageuka mara moja?

Hapana, na sehemu hii huachwa sana. Miaka mitatu ya kwanza ilikuwa ya kutia aibu.

Admirali d'Estaing aliondoka Toulon Aprili 1778 na manowari 12 za mstari. Kuja kwake peke yake kulifanya kazi: Waingereza waliihama Philadelphia mwezi Juni, kabla hajaonekana, kwa kuhofia kunaswa. Baada ya hapo bahati ikamkimbia. Alifika nje ya New York Julai akawakuta Waingereza wachache kuliko yeye wamejipanga nyuma ya fungu la mchanga la Sandy Hook. Manowari zake zilikuwa na kina kirefu mno, marubani wa bandari hawakukubali kuzivusha, na akabaki akitazama ushindi ulioelea mbele yake. Baharia yeyote anayejua bandari yenye fungu mlangoni ataelewa uchungu wake.

Akaenda Newport kusaidiana na jenerali wa Kiamerika, Sullivan. Kikosi cha Kiingereza kikatokea, d'Estaing akatoka kukikabili, dhoruba ya Agosti ikavunja milingoti ya pande zote mbili, naye akaenda Boston kutengeneza vyombo. Sullivan aliyeachwa ufukoni alilalamika kwa maneno makali. Huko Boston Wafaransa walipigana na watu wa mjini hata afisa mmoja akafa. Mwaka uliofuata d'Estaing alijaribu kuikomboa Savannah. Shambulio la tarehe 9 Oktoba 1779 lilishindwa vibaya na yeye mwenyewe akajeruhiwa.

Julai 1780 jenerali Mfaransa Rochambeau alishuka Newport na askari wapatao 5,500. Manowari zilizomleta zikafungiwa humohumo na Waingereza, na karibu mwaka mzima hakuna kikubwa kilichofanyika. Washington alimwambia mapema kwamba kanuni ya kwanza ya operesheni yoyote ni kuwa na nguvu kubwa zaidi baharini. Alikuwa akiomba, si kufundisha.

Hispania na Uholanzi ziliingiaje?

Kila moja kwa sababu zake. Hispania iliingia vitani 1779 kama mshirika wa Ufaransa, haikuitambua Marekani, na macho yake yalikuwa Gibraltar na Florida. Uingereza ikaitangazia Uholanzi vita Desemba 1780 kwa ajili ya biashara yake na waasi, hasa kupitia kisiwa cha St. Eustatius.

Wengi huona haya ni mambo ya pembeni. Mimi naona ndiyo kiini. Mwaka 1779 meli za mstari zaidi ya 60 za Ufaransa na Hispania ziliingia mlangoni mwa Uingereza kwenyewe. Ugonjwa ndio uliozirudisha, lakini London haikusahau. Kuanzia hapo Uingereza ililazimika kulinda nyumbani kwake, Gibraltar iliyokuwa imezingirwa, Jamaika na visiwa vyake vya sukari, na India. Visiwa vya sukari vilileta fedha nyingi, kwa hiyo vilitangulia. New York ilibakiwa na makombo.

Cornwallis alikwenda kufanya nini Yorktown?

Jenerali huyu wa Kiingereza alikuwa akitafuta bandari. Mkuu wake, Clinton, aliyekaa New York, alimwagiza ashike mahali penye maji ya kina huko Virginia ili manowari za Kiingereza zipate kituo. Mwanzoni mwa Agosti 1781 akachagua Yorktown, kando ya mto York, ndani ya Ghuba ya Chesapeake. Alijisogeza karibu na bahari ili jeshi la majini limfikie kwa urahisi. Hakuwaza kwamba jeshi hilo lingeweza kuwa la nchi nyingine.

De Grasse alifikaje bila kuonekana?

Admirali de Grasse aliondoka Brest Machi 1781 kwenda Karibi. Julai, akiwa Cap-Français katika koloni la Saint-Domingue (Haiti ya leo), alikuta barua za Rochambeau zikimsihi apande kaskazini, alete askari na pesa. Admirali wa kawaida angetuma manowari kadhaa na kubakiza nyingine kusindikiza meli za sukari kurudi Ufaransa. De Grasse alichukua zote. Wafanyabiashara wa sukari walingoja.

Askari zaidi ya 3,000 alipewa hapohapo. Pesa zilitoka Havana: afisa wa Hispania, Francisco de Saavedra, alisaidia kukusanya peso 500,000, nazo zilipatikana ndani ya saa chache tu. Kisha de Grasse akapita Mkondo wa Kale wa Bahama, njia ya hatari ambayo misafara mikubwa iliikwepa, ili macho ya Waingereza yasimwone.

Upande wa pili kulikuwa na Rodney, admirali hodari ambaye mwezi Februari aliiteka St. Eustatius na kuzama katika kuhesabu mali ya ngawira. Akiwa mgonjwa alirudi kwao, akamtuma Hood kaskazini na manowari 14 tu. Manowari za Hood zilikuwa na tumbo lililofunikwa shaba, kwa hiyo zilikimbia, na alipita njia fupi. Tarehe 25 Agosti alichungulia Chesapeake. Hakuna kitu. Akaendelea hadi New York. Siku chache baadaye, kabla Agosti haijaisha, de Grasse akatia nanga palepale na manowari 28 za mstari. Hood alikosea kwa kuwahi mno.

Ni nini hasa kilitokea tarehe 5 Septemba 1781?

Admirali Graves, aliyekuwa mkubwa wa Hood, alitoka New York na manowari 19. Asubuhi ya tarehe 5 aliufikia mlango wa ghuba, kati ya Cape Henry na Cape Charles, upepo ukimsukuma kutoka kaskazini-mashariki. Ndani aliona msitu wa milingoti.

De Grasse alikuwa katika hali mbaya. Mashua zake nyingi na mabaharia wengi walikuwa ufukoni wakishusha askari na kuteka maji. Maji yalikuwa yakijaa, kwa hiyo ilibidi asubiri yaanze kupwa ndipo atoke. Karibu na adhuhuri aliamuru amari (kamba za nanga) zikatwe, nanga ziachwe chini na maboya, na manowari 24 zikatoka kila moja kwa kasi yake. (Nne zilibaki kulinda mito.) Za mbele zikajikuta ziko mbali na wenzao, zikiwa peke yao baharini.

Graves alikuwa upande wa joshi, upepo mgongoni, adui akichomoza mmojammoja kama watu wanaotoka kwenye mlango mwembamba. Angeweza kuwarukia. Badala yake alifuata kitabu. Alisubiri hadi mstari wake unyooke sambamba na wa Wafaransa, na kwa kuwa alikuwa akielekea mafungu ya mchanga, ilibidi ageuze kila manowari. Kwa kugeuka huko kikosi cha Hood, kilichokuwa mbele, kikawa cha mwisho. Saa nzima na zaidi ikapita, Wafaransa wakijikusanya.

Mizinga ilianza kulia yapata saa kumi jioni. Mstari wa Kiingereza ulikuja kwa mshazari, hivyo vichwa vya mistari viliumana huku mikia ikiwa mbali. Juu ya mlingoti wa Graves zilipepea bendera mbili za ishara kwa pamoja: moja ikisema mkaribie adui, nyingine ikisema msivunje mstari. Hood alitii ya pili, na kikosi chake karibu hakikupigana. Baada ya vita alilaumu sana, na Graves akamlaumu yeye, na wanahistoria wa majini hawajaacha kugombana hadi leo. Kwa maoni yangu Hood alijua vizuri mkuu wake anataka nini, akachagua kutokuelewa.

Jua lilipozama mizinga ikanyamaza. Waingereza walikuwa na watu 90 waliokufa na 246 waliojeruhiwa. Wafaransa, waliokufa na kujeruhiwa kwa jumla, takriban 220. Hakuna manowari iliyotekwa. Moja ya Kiingereza, Terrible, ilivuja hata ikabidi ichomwe na wenyewe siku chache baadaye.

Sasa kama hakuna aliyeteka kitu, kwa nini vita hivi vinahesabiwa kuwa vya uamuzi?

Kwa sababu swali halikuwa nani amezamisha nini. Swali lilikuwa nani atarudi mlangoni. Vikosi viwili vilielea vikitazamana kwa siku kadhaa, vikisukumwa kusini. De Grasse alirudi Chesapeake, na alipofika akamkuta mwenzake Barras amekwisha ingia kutoka Newport, akiwa na mizinga mizito ya kuzingiria mji na shehena ya nyama ya chumvi. Manowari za Kifaransa zikawa 36. Graves akahesabu, akaitisha baraza na tarehe 13 Septemba akageuza kuelekea New York.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya koleo. Washington na Rochambeau, waliokwisha tembea kutoka karibu na New York, walisafirishwa hatua ya mwisho kwa meli ndani ya ghuba. Kuzingira kulianza tarehe 28 Septemba, mizinga ikaanza tarehe 9 Oktoba. Usiku wa tarehe 16 Cornwallis alijaribu kuvusha askari ng'ambo ya mto. Dhoruba ikamtawanyia mashua. Tarehe 19 Oktoba 1781 watu wake zaidi ya 7,000 waliweka silaha chini. Siku hiyohiyo Clinton aling'oa nanga New York na askari wapatao 7,000 wa kumwokoa. Walifika tarehe 24.

Sifa ni za Washington, Rochambeau au de Grasse?

Washington alitaka kushambulia New York. Rochambeau ndiye aliyemwandikia de Grasse kwa upole akipendekeza Chesapeake. De Grasse ndiye aliyeamua kuja na kila kitu. Lakini de Grasse aliposikia mwishoni mwa Septemba kwamba Waingereza wanaongezewa manowari, alitaka kutoka tena ghubani, na ilikuwa barua ya Washington ya kumsihi, iliyopelekwa na Lafayette, afisa Mfaransa aliyetumikia jeshi la Waamerika, iliyosaidia kumbakiza. Mgawanyo wangu: mpango ni wa Rochambeau, ujasiri ni wa de Grasse, na Washington ana sifa ya kukubali kubadili mawazo, jambo lisilo dogo kwa jenerali.

Mwezi mmoja baada ya ushindi yeye mwenyewe alimwandikia Lafayette kwamba bila nguvu ya uamuzi baharini hawawezi kukamilisha lolote.

Watu weusi walikuwa wapi katika haya yote?

Pande zote. Savannah, mwaka 1779, d'Estaing alikuja na kikosi cha watu huru weusi na machotara kutoka Saint-Domingue, zaidi ya 500. Yorktown, maelfu ya waliokuwa watumwa walimkimbilia Cornwallis wakiamini ahadi ya uhuru. Ndui iliwaua wengi, na chakula kilipopungua Cornwallis aliwafukuza nje ya ngome. Kwao mlango wa bahari uliofungwa haukuwa habari ya ukombozi.

Vita viliishia Yorktown?

Ardhini, karibu. Serikali ya waziri mkuu Lord North ilianguka London Machi 1782. Baharini viliendelea: Aprili 1782 Rodney alimpiga de Grasse kwenye vita vya Saintes huko Karibi, akamteka yeye na manowari yake kubwa, Ville de Paris. Aliyewapa Waamerika uhuru alitekwa miezi sita tu baadaye, akapelekwa London akiwa mfungwa.

Vita vilifika hadi bahari yetu ya Hindi. Suffren alitoka Île de France (Mauritius ya leo) na kikosi cha Kifaransa, akapigana mara tano na Waingereza karibu na India na Sri Lanka kati ya 1782 na 1783. Île de France ililimwa na watumwa, na wengi wao walitoka pwani hii ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776, mwaka uleule wa Tangazo la Uhuru, mfanyabiashara Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka.

Mkataba wa amani ulisainiwa Paris tarehe 3 Septemba 1783.

Ufaransa ilipata nini?

Tobago, Senegal na deni. Vita viligharimu zaidi ya livre bilioni 1, nyingi zikiwa za kukopa. Biashara ya Marekani, ambayo Vergennes aliitarajia, ilirudi kwa Waingereza. Deni ndilo lililomlazimisha Louis XVI kuitisha Baraza la Matabaka mwaka 1789, na mwisho wake, Mapinduzi ya Ufaransa, unaujua.

Kuna mapinduzi mengine yaliyoamuliwa hivi?

Haiti, ila huko Wafaransa walikuwa upande wa pili wa mlango. Napoleon alituma jeshi kubwa mwishoni mwa 1801 kuwarudisha watu utumwani. Homa ya manjano na wapiganaji wa Dessalines, kiongozi wa waasi, walilimaliza, na vita na Uingereza viliporudi Mei 1803, manowari za Kiingereza zikazifunga bandari: hakuna askari wapya, hakuna unga. Waingereza hawakuwa na mapenzi na Dessalines, kama vile Louis XVI asivyokuwa na mapenzi na jamhuri.

Baada ya vita vya Vertières, tarehe 18 Novemba 1803, jenerali wa Kifaransa aliyebaki Cap-Français alipewa siku 10 kuondoka. Nje ya bandari, ileile aliyoanzia de Grasse, alisubiriwa na Waingereza, akajisalimisha kwao. Jina lake Donatien de Rochambeau. Mwaka 1781 alikuwa kijana Yorktown, akimtumikia baba yake. Safari hii alikaa mfungwa Uingereza hadi 1811.